Redio koli ya ham kama sikio tu: funga kitufe kwanza, ndipo usikilize bahari, ndege na kituo cha anga

#1 SikioLaMwambao (Tanga)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni kwa yeyote aliye na redio koli iliyolala kwenye droo. Baofeng UV-5R, Quansheng, Yaesu ya zamani, yoyote ile. Wengi walizinunua kwa ulinzi wa shamba au shughuli ya harusi, shughuli ikaisha, redio ikasahaulika. Yangu ni UV-5R, nina mwaka wa sita nayo, na naitumia kusikiliza tu. Leseni ya ham (redio za wapenda mawasiliano, si za biashara) sijapata bado, kwa hiyo sirushi neno. Kusikiliza kwenyewe kumenifundisha mengi.

Kabla ya masafa naanza na kitufe cha kuongelea, PTT. Naomba msiiruke sehemu hii.

Mwaka wa kwanza niliiweka kwenye chaneli 16 ya bahari, yaani 156.800 MHz, nikaitia mkobani pamoja na chupa ya maji, nikapanda basi la Pangani. Nilipofungua mkoba kutafuta nauli nikakuta taa nyekundu inawaka na redio ina moto. Chupa ilikuwa imeegemea kitufe. TOT, kile kikomo cha muda wa kurusha, ilikuwa ikiikata kila baada ya sekunde 60, lakini basi likiingia shimoni kitufe kinaachia, kinabanwa upya, inarusha tena. Mjomba wangu ni nahodha wa mashua, anakwenda Pemba na kurudi. Nilipomsimulia alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo ndiyo hewa ya mtu anayezama."

Redio za FM zina tabia moja. Mawimbi mawili yakikutana kwenye chaneli moja, lenye nguvu ndilo linalosikika; la pili linamezwa, halibaki hata kama mnong'ono. Mtu yuko kwenye ngalawa na kiredio cha mkononi, betri inakaribia kuisha, anaita. Redio yangu iko mkobani na wati zake 4 inamfunika. Sisi wa mwambao tunaikumbuka Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama njiani kwenda Pemba. Baada ya siku ile ya basi sikuiwasha tena mpaka nilipoifunga.

Kufunga ni hivi. Unahitaji kebo ya kuprogramia, ile ya pini mbili, na programu ya CHIRP ambayo ni ya bure. Kwanza soma yaliyomo kwenye redio na uhifadhi faili hilo la mwanzo; ndilo la kurudia ukiharibu. Kisha kwa kila chaneli unayoingiza, kwenye safu ya Duplex chagua "off". Chaneli yenye "off" inapokea lakini hairushi hata ukikalia kitufe. Kompyuta ikikataa kuitambua kebo, mara nyingi tatizo ni draiva: kebo nyingi za bei ya chini zina chipu ya kuiga ya Prolific, na draiva mpya inaikataa. Rudisha draiva ya zamani, au tafuta kebo yenye chipu ya FTDI.

Halafu menyu. Namba 3 (SAVE) naizima. Ikiwa imewashwa redio inasinzia ili kulinda betri, na inameza silabi za mwanzo za anayeita. Baharini jina la chombo linatajwa mwanzo kabisa, kwa hiyo ukikosa mwanzo umekosa jina. R-DCS na R-CTCS (10 na 11), zinazofungua spika kwa msimbo au toni maalumu tu, zote OFF, la sivyo utaona taa ya kijani inawaka na spika kimya. Namba 18, SC-REV, ni ya kuskani, yaani redio kupita chaneli moja moja ikitafuta sauti. Naweka CO: ikikuta mtu anaongea inatulia hapo mpaka amalize. Ukiiacha TO, inaondoka baada ya sekunde chache hata kama maongezi ndiyo kwanza yameanza. Kuskani unashikilia kitufe cha nyota kama sekunde mbili.

Tuelewane, hii si skena halisi. UV-5R inapita takriban chaneli 3 kwa sekunde. Skena iliyotengenezwa kwa kazi hiyo inapita makumi. Ukiweka chaneli 100, mzunguko mmoja unakula zaidi ya nusu dakika, na nahodha ameshaitana na mwenzake wakahamia kwingine. Kumbukumbu zipo 128, mimi nazungusha 8 tu.

Za bahari ni hizi: 16 (156.800) ya kuitana na ya dharura, 6 (156.300) chombo kwa chombo, 13 (156.650) ya usalama wa vyombo vinavyopishana, 12 (156.600) na 14 (156.700) za shughuli za bandari. Chaneli 70 (156.525) msiiweke, ni ya data, mtasikia mkwaruzo mfupi tu.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

#2 Kaskazi77

Mkuu shikamoo kwa darasa. Naweka kambi hapa. Niulize lile ambalo kila mtu analo moyoni: polisi wanasikika?

#3 SikioLaMwambao

Marahaba. Sijayaweka masafa yao na sitayaandika hapa. Redio ninayo kwa ajili ya bahari na anga. Vilevile vyombo vingi vya usalama duniani vimehamia mifumo ya dijitali yenye kufungwa kwa siri, kama TETRA, na kipokezi cha FM kitakupa ngurumo kama ya mashine ya kusaga.

#4 WakiliWaMtaa

Naongeza hapo, kwa sababu vijana wanaingia matatizoni bila kujua.

Kanuni za Redio za ITU (muungano wa kimataifa wa mawasiliano), kifungu cha 17, zinazitaka nchi wanachama kuzuia mtu kunasa bila ruhusa mawasiliano yasiyokusudiwa kwa umma, na kuzuia kutangaza yaliyomo. Tanzania tuna Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, chini ya TCRA. Kenya wana sheria yao ya Habari na Mawasiliano ya 1998, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Wengi wanadhani kosa ni kurusha peke yake, na huko ndiko wanakoteleza. Hata ulichosikia kwa bahati, ukikirekodi na kukisambaza kwenye magrupu, umeshavuka mstari.

Pili, UV-5R iliyofungwa kwenye CHIRP bado ni chombo chenye uwezo wa kurusha. Msidhani kuweka "off" kunaondoa suala la kibali. Nendeni mkaulize kwa mamlaka ya nchi yako, tena kwa maandishi, mpate jibu la maandishi.

#5 FundiMawimbi (Morogoro, nina leseni)

SikioLaMwambao, uzi mzuri, lakini kuna tundu ambalo lazima tulizibe.

"Off" inafanya kazi kwenye chaneli zilizohifadhiwa tu. Mtoto akibonyeza kile kitufe cha rangi ya machungwa, VFO/MR, redio inahamia kwenye masafa ya kuandika kwa mkono, na huko itarusha kama kawaida. Ndani ya CHIRP ingia kwenye mipangilio, tafuta "VHF TX Enabled" na "UHF TX Enabled", ondoa tiki zote mbili, pakia. Hapo umefunga mlango mkuu, siyo dirisha.

Kisha jaribu, usiamini tu. Toa antena, funga mzigo wa ohmu 50 (kifaa kinachomeza nguvu badala ya kuirusha hewani) mahali pake, weka nguvu ya chini, bonyeza PTT kwa sekunde moja ukiangalia taa. Ikiwaka nyekundu bado inarusha. Usijaribu bila antena wala mzigo, na usijaribu ukiwa kwenye chaneli 16.

#6 SikioLaMwambao

Nimekwenda kuangalia sasa hivi. Kweli, kwenye VFO yangu ilikuwa bado wazi, miaka yote hii. Nimeondoa tiki, nimejaribu kwa mzigo, taa haiwaki. Ahsante sana kaka. Wanaosoma #1, fanyeni na hili la #5.

#7 BintiChangamwe (Mombasa)

Hamjambo. Mimi niko Changamwe, ndege za uwanja wa Moi zinapita juu ya bati letu mpaka vyombo vinatikisika kabatini. Nimeweka Baofeng yangu nitafute rubani, sipati kitu. Inaanza 136. Nimekosea wapi?

#8 FundiMawimbi

Hujakosea dada, redio hiyo haiwezi. Kuna sababu mbili.

Ndege zinaongea kati ya 118 na 137 MHz, na Baofeng yako inaanzia 136. Hata hivyo, lile kubwa zaidi ni kwamba ndege zinatumia AM, na Baofeng inajua FM. Tena AM haikubaki huko kwa uzembe. Ile tabia aliyoisimulia mwenye uzi, ya FM kummeza mnyonge, ndiyo inayoepukwa. Kwenye AM marubani wawili wakibonyeza pamoja, mwongozaji anasikia mlio wa kugongana, anajua kuna wawili, anawaomba warudie mmoja mmoja.

Redio za mkononi zinazoipata bendi hiyo zipo. Quansheng UV-K5 inapokea AM ya ndege. Yaesu FT-60 pia, na ni redio ngumu ya kudumu. Ukiwa na mojawapo, anza na 121.500, ya dharura, ambayo kwa kawaida ni kimya. Kisha 126.900. Hii ni muhimu kwetu Afrika: marubani wanatangaziana wenyewe kwa wenyewe walipo na kimo chao, kwenye anga ambazo mawasiliano na waongozaji ni hafifu. Utasikia sauti moja inataja njia, kimo, na dakika ya kufika alama inayofuata. Hakuna anayejibu, na haihitajiki ajibu.

Kuhusu umbali, kuna hesabu nyepesi. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha urefu wa mwenzako, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Antena yako iko mita 9 juu: kipeuo ni 3. Ndege iko mita 10,000: kipeuo ni 100. Jumla 103, mara 4.12, ni kama kilomita 424. Meli yenye antena ya mita 25: 3 na 5 ni 8, mara 4.12 ni kilomita 33. Ndiyo maana rubani aliye juu ya Somalia unaweza kumpata, na boti iliyo nyuma ya rasi usiipate.

#9 Kaskazi77

Daah, hiyo ya 4.12 nimeiandika ukutani.

Mimi niko Muheza. Bahari iko kama kilomita 35 kwa makadirio yangu. Kwa ile antena ya mpira iliyokuja na redio napata mkwaruzo tu. Ninunue nini?

#10 SikioLaMwambao

Usinunue kwanza.

Kuna waya wa bei ya bure. Kata waya wa umeme wa kawaida, sentimita 48, chubua ncha, uzungushe kwenye shingo ya antena ya mpira pale chini, kwenye chuma, uuache uning'inie. Huo unakuwa nusu ya pili ya antena, ambayo redio ya mkononi haina. Nimeona kwa macho sauti iliyokuwa inakatikakatika ikawa sauti ya mtu.

Ukitaka ya juu ya paa: 300 gawanya kwa masafa, unapata urefu wa wimbi kwa mita. 300 kwa 156.8 ni 1.91. Robo yake ni sentimita 48, ukipunguza kidogo kwa sababu ya waya wenyewe inakuja kama 45.5. Waya mmoja wa 45.5 unasimama, minne ya urefu huo inalala kuelekea chini kwa mshazari, imefungwa upande wa nje wa soketi. Mimi nilitumia vyuma vya mwavuli uliovunjika kwa ile minne, na inakwenda mwaka wa nne.

Kebo: ile ya dishi inafaa kabisa kwa kupokea. Ni ya ohmu 75 badala ya 50, kwa kusikiliza hutaona tofauti. RG-58 nyembamba, ambayo watu wanaisifu, inapoteza karibu nusu ya nguvu kwa mita 15 tu kwenye masafa haya. Ya dishi inapoteza kidogo zaidi ya robo. Ila angalia kichwa cha kuungia antena: Baofeng ina SMA (aina ya kichwa cha skrubu) ya kiume kwenye redio, kinyume cha nyingi. Chukua redio mkononi uende nayo dukani.

Jambo moja linaudhi. Ukishaweka antena kubwa, vituo vya FM vya muziki vilivyo karibu vinaweza kuizidi nguvu Baofeng, ukasikia muziki kwenye chaneli 12. Kipokezi chake ni rahisi, hakina mchujo wa maana mbele. Kichujio cha kukata 88 hadi 108 MHz kinatibu, au ushushe antena kidogo ifichwe na ukuta upande wa mnara.

#11 MzeeWaMasafaMafupi (Arusha)

Wanangu, nimesoma yote. Mmenikumbusha mbali.

Wenye redio za ham za mezani, za masafa mafupi, nanyi msikose. Ninayo Icom IC-7300, inapokea kuanzia kilohezi 30 mpaka juu ya 74 MHz. Jioni zangu nyingi mkono haugusi maikrofoni. Nimeichomoa, ipo kabatini. Hiyo ndiyo kufuli yangu, na VOX (ya kurusha yenyewe ikisikia sauti) imezimwa. Antena ya kusikilizia inaweza kuwa waya wowote. Wangu ni mita 20 kwenda mwembeni. Lakini waya wowote si antena ya kurushia. Ukibonyeza wati 100 kwenye waya usiolingana, nguvu inarudi ndani na kuunguza hatua ya mwisho ya kukuza nguvu.

Sasa nini kinasikika. Ndege zilizo juu ya Bahari ya Hindi, mbali na kila mnara, zinaita kwenye 8879 kHz, USB (aina ya urushaji wa sauti, si ile ya kebo ya kompyuta). Mtasikia Mumbai, Shelisheli, Nairobi. Na 11300 kHz ni ya upande wetu wa Afrika. Kabla ya mazungumzo utasikia milio miwili ya sauti mbili mbili, kama kengele ya mlango. Hiyo ni SELCAL: kituo kinaiamsha redio ya ndege moja tu, ili rubani asikae kwa muda wa saa nane akisikiliza mkwaruzo masikioni.

Ninachokipenda kuliko vyote ni 14.100 MHz. Hapo kuna vinara (beacon, vituo vya kurusha alama) 18 vya dunia nzima vinavyopokezana, kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Kinataja jina lake kwa Morse kwa wati 100, kisha vistari vinne virefu: wati 100, 10, 1, na 0.1. Kikisikika kistari cha mwisho kutoka bara jingine, wati 0.1, mikono yangu bado inatetemeka, na nina umri wa kuwa babu yenu. Kenya wana chao kwenye orodha hiyo, 5Z4B. Anayejifunza Morse aanze hapo, kwa sababu anajua mapema nani anafuata.

#12 BintiChangamwe

Mzee shikamoo. Umenifanya nitamani redio nisiyokuwa na pesa yake.

Mwenye uzi, kwenye kichwa umetaja kituo cha anga na hujaandika.

#13 SikioLaMwambao

Kweli, deni. Tena hiki Baofeng yako inakiweza vizuri.

ISS inazunguka dunia kwa dakika kama 93, kimo cha kilomita 400 na kidogo. Ikikupitia juu, unaipata kwa dakika 10 hivi. Pakua programu yoyote ya kutabiri mapito, iambie uko wapi. Masafa ya kuweka ni 145.800, FM. Ndiyo ya wanaanga kuongea na shule, na ya picha za SSTV, yaani picha zinazotumwa kama milio ya sauti, siku wanapotuma.

Picha yangu ya kwanza niliipata nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nje, saa mbili usiku, redio juu ya ndoo iliyofudikizwa, simu imelazwa pembeni ya spika ikiwa na programu ya Robot36. Mwanzo mkwaruzo. Kisha mlio ukaanza kupanda toka chini, kama mtu anapiga filimbi ndani ya mtungi, na mstari wa kwanza wa rangi ukatokea juu ya kioo. Aina wanayoitumia mara nyingi, PD120, inachukua dakika mbili kumaliza picha moja. Mama alitoka kuuliza ni nini kinalia. Nikamwonyesha angani, kile kinyota kinachotembea, nikamwonyesha simu. Akakaa ngazi ya chini yangu mpaka picha ikaisha. Theluthi ya chini iliharibika kwa mistari, niligeuza antena vibaya. Nimeitunza hivyo hivyo.

Siri ni kuilaza antena. Usiielekezee ncha kwenye kituo. Ielekeze ubavu, na uizungushe taratibu mpaka sauti isafike.

Upo pia mrudisho wa ham kule juu, unaopokea sauti na kuirusha tena, unasikika kwenye 437.800. Huko kasi ya kituo inahamisha masafa kwa kiasi cha kHz 10 kila upande, kwa hiyo hifadhi chaneli tano: 437.810, 437.805, 437.800, 437.795, 437.790. Anza na ya kwanza kikichomoza, shuka moja moja kadiri kinavyopita. Zote "off" kwenye Duplex. Kwenye 145.800 mabadiliko ni kama kHz 3.5 tu, acha ilivyo.

#14 Kaskazi77

Swali la mwisho wakuu. Nikisikia Mayday kweli, na mimi ni msikilizaji tu, nifanyeje? Nimefunga kitufe.

#15 SikioLaMwambao

Nilimuuliza mjomba swali hilo hilo. Kalamu na karatasi viwe kando ya redio daima. Andika saa, jina la chombo, mahali (anaweza kutaja nyuzi za latitudo na longitudo, ziandike kama zilivyo hata kama huzielewi), idadi ya watu, na shida ni nini. Simamisha kuskani, baki 16. Sikiliza kama kituo cha pwani au meli imemjibu. Kama kuna ukimya, piga 112, usome ulichoandika. Anaweza kukufikia wewe uliye juu ya paa la ghorofa na asiwafikie walio chini. Ukisikia Pan-pan, ni dharura isiyo ya kuzama papo hapo. Securite ni tangazo la usalama, kama gogo linaloelea au upepo.

#16 Kaskazi77

Mrejesho, wakuu. Nimefunga tiki zote mbili kama alivyosema Fundi, nimejaribu kwa mzigo, taa imekataa. Antena ya robo iko kwenye mlingoti wa mianzi, mita 12 juu. Kebo ya dishi, mita 14.

Jana jioni, saa kumi na mbili na dakika arobaini, chaneli 16. Sauti ya mzee, Kiswahili cha kisiwani kabisa, anaita mwenzake mara tatu. Mwenzake simsikii. Akasema "twende sita." Nikamfuata kwenye 6. Anauliza kama mvua imeshafika huko, kwa sababu yeye anaiona kusini na anataka kushusha tanga mapema. Mkwaruzo. Kisha, "Haya, na mimi nashusha."

Nimeandika daftarini: saa, chaneli, upepo. Leo nimeweka na 145.800.